Kadi ya fizikia ya mwaka 2006: kifaa cha kesho kilichokosa kazi ya leo

Wiki hii zamu ya historia ni yangu. Mada yangu inaweza kuwachekesha wengine: ni kifaa cha kuchezea gemu kilichoingia madukani mwaka 2006, na kufikia 2008 habari yake ilikuwa imekwisha. Nimekichagua kwa sababu moja. Kwenye kikundi bado tunabishana pesa za mfuko zinunue kompyuta ya aina gani, na kila tukikaa hakosekani mtu wa kusema, "Tuchukue ile yenye chipu maalumu, ndiyo ya kesho." Maneno kama hayo waliambiwa wacheza gemu karibu miaka 20 iliyopita. Hebu tuone wao waliamua vipi, halafu tujipime.

Kwanza, fizikia kwenye gemu ni kitu gani?

Ukicheza gemu ukapiga pipa risasi, lazima kuna kitu kinachopiga hesabu: pipa liende upande gani, lianguke kwa kasi gani, likigonga ukuta lirudi au livunjike. Bendera ikipigwa na upepo ijikunje vipi. Maji yakimwagika yatelemkie wapi. Hesabu hizo zote ndizo wanaita fizikia ya gemu. Zamani zilikuwa chache sana. Pipa lilikuwa kama picha iliyobandikwa tu, unalipiga na halitikisiki.

Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni inaitwa Havok, huko Dublin, Ireland. Wao walitengeneza programu ya kupiga hesabu hizi na kuiuza kwa watengenezaji wa gemu. Novemba 2004 ikatoka Half-Life 2 ya kampuni ya Valve, ikitumia programu hiyo, na watu wakashangaa. Kuna mahali kwenye gemu hiyo unakuta ubao umelala kama mizani. Ukipanga matofali upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka, unapanda juu yake na kupita. Yaani uzito wa tofali ukawa sehemu ya mchezo wenyewe.

Shida ilikuwa kwamba hesabu hizo zilifanywa na prosesa ileile inayofanya kila kitu kingine, na wakati huo kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na prosesa ya kiini kimoja. Ni sawa na kuwa na mpishi mmoja: apike, aoshe vyombo, na apokee wageni. Ukiongeza mapipa mia moja, gemu inaanza kukwamakwama.

Wazo la kadi ya pembeni halikuwa geni

Hapa turudi nyuma kidogo, kwa sababu wale waliokuja na kadi ya fizikia hawakuwa wajinga. Historia ilikuwa upande wao.

Mwaka 1980 Intel walitoa chipu ya 8087. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusaidia prosesa kuu kufanya hesabu za desimali. Uliinunua peke yake na kuichomeka kwenye kompyuta. Mwaka 1989 Creative wakatoa Sound Blaster, kadi ya sauti, na gemu zikaanza kuongea na kupiga muziki wa maana. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ikatoa Voodoo, kadi iliyochora picha za 3D tu. Voodoo ilikuwa na vituko vyake: ilibidi uwe tayari na kadi nyingine ya kawaida ya picha, halafu unaziunganisha kwa waya kwa nyuma. Lakini watu waliinunua sana, maana uliwasha gemu ya Quake ukaona tofauti hapo hapo. Picha nzuri zaidi, na mwendo laini zaidi. Vyote viwili kwa pamoja.

Sasa angalieni mwisho wa kila kimoja. Ile chipu ya hesabu ilimezwa: mwaka huohuo wa 1989 Intel walitoa prosesa ya 486 yenye kitengo hicho ndani yake, na kununua chipu ya pembeni kukaanza kukosa maana. Kadi ya sauti nayo ikaja kumezwa na madabodi, ndiyo maana kompyuta nyingi leo zina sauti bila wewe kununua kadi. Kadi ya 3D ikawa ndiyo kadi ya picha yenyewe, na 3dfx wenyewe walishindwa biashara. Desemba 2000 Nvidia walitangaza kununua mali zao kubwa.

Kwa hiyo kifaa cha pembeni kina njia mbili hivi: kinamezwa na kifaa kikubwa, au kinakua hadi chenyewe kinakuwa kifaa kikubwa. Kukaa pembeni milele, peke yako, ni kazi ngumu.

Ageia wanaingia

Mwaka 2002 ilianzishwa kampuni ya Ageia. Makao yake yalikuwa California, na mkuu wake alikuwa Manju Hegde, mmoja wa waanzilishi. Mwaka 2004 walinunua NovodeX, kampuni ya Uswisi iliyokuwa na programu ya fizikia ya kushindana na Havok. Machi 2005 wakatangaza chipu yao: PhysX. Walisema kama picha zina kadi yake na sauti ina kadi yake, basi fizikia nayo inastahili kadi yake.

Na kwenye hoja ya msingi walikuwa sahihi, tuwape haki yao. Hesabu za vipande elfu vinavyoruka kwa wakati mmoja zinafaa zaidi kwa chipu yenye vitengo vingi vidogo vinavyofanya kazi sambamba kuliko prosesa yenye kiini kimoja chenye akili nyingi. Ni kama kuhamisha lundo la mchanga. Watu mia wenye makarai watalimaliza kabla ya profesa mmoja mwenye koleo la dhahabu.

Mei 2006 kadi zikaingia madukani, zimetengenezwa na ASUS na BFG. Zilikuwa na memori ya MB 128 na bei ilikuwa kama dola 300. Zilichomekwa kwenye nafasi ya PCI ya zamani kwenye madabodi, ile yenye uwezo wa kupitisha kama MB 133 kwa sekunde, wakati kadi za picha zilikuwa tayari zimehamia PCI Express inayopitisha GB kadhaa. Hilo mliweke akilini.

Kaa kwenye kiti cha mnunuzi

Sasa jifanye wewe ni kijana wa Marekani wakati huo. Umefanya kazi likizo nzima, umeweka dola 300. Una njia tatu.

Ya kwanza, ununue kadi ya PhysX.

Ya pili, ununue kadi bora ya picha. GeForce 7900 GT ilitoka Machi 2006 kwa dola 299, bei ileile. Hii inaboresha karibu kila gemu uliyonayo, leo hii.

Ya tatu, usubiri miezi miwili. Julai 2006 Intel walitoa Core 2 Duo, prosesa zenye viini viwili. Ile ya E6600 ilianzia dola 316, na E6400 dola 224. Hii inaboresha kila kitu unachofanya kwenye kompyuta, gemu na kazi nyingine. Na kiini cha pili kinaweza kupewa hizo hesabu za fizikia!

Ukiweka mambo namna hii, utaona kwamba swali "je, kadi ya fizikia ni nzuri?" halikuwa swali la maana. Swali lilikuwa: "dola zilezile zikienda kwingine zitanipa nini?" Kitu kinaweza kuwa kizuri na bado kikawa hasara, kwa sababu pembeni yake kuna kizuri zaidi kwa bei hiyohiyo.

Gemu ziko wapi?

Aliyenunua alifika nyumbani, akachomeka kadi, akaanza kutafuta gemu ya kuitumia. Zilihesabika kwa vidole. Iliyosemwa sana ilikuwa Tom Clancy's Ghost Recon Advanced Warfighter, iliyotoka kwa PC Mei 2006. Ukiwa na kadi, bomu likilipuka vifusi na vumbi vinaruka vingi zaidi. Ndiyo hivyo tu.

Mbaya zaidi, waandishi waliopima walikuta gemu hiyo inapungua kasi penye milipuko kadi ikiwa inafanya kazi. Watu wakauliza: nimelipa dola 300 ili gemu iende polepole? Lakini ina maelezo yake. Kadi ya fizikia inapiga hesabu ya kila kipande kiende wapi, haikichori. Kuchora bado ni kazi ya kadi ya picha. Ukiongeza vipande mia tano, umemwongezea mchoraji kazi mia tano. Na kila jibu la hesabu lazima lisafiri kutoka kadi hadi kwingine kupitia ule mlango mwembamba wa PCI. Umemsaidia mpishi, ukamlemea mhudumu wa mezani.

Halafu ikaja aibu ya CellFactor. Hii ilitengenezwa makusudi kuonyesha nguvu ya kadi: ukumbi mzima umejaa mabomba na makasha yanayoruka huku na kule. Ilipotoka kama onyesho mwaka 2006, wachezaji wadadisi waligundua kwamba ukiongeza neno dogo la amri wakati wa kuiwasha, inacheza hata bila kadi. Vilivyokosekana ni vitambaa na vimiminika. Makasha yaliendelea kuruka. Baada ya hapo, kumwambia mtu kwamba kadi hii haina mbadala ikawa ngumu sana.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nisingeiita PhysX kibaya. Ila Voodoo ilijiuza kwa dakika moja ya Quake, na PhysX ilihitaji maelezo ya kurasa tatu.

Kuku na yai

Tatizo lililoiua kadi hii naliona hapa, na nawaomba msome polepole.

Wewe ni mtengenezaji wa gemu. Unajua wanunuzi wako wengi sana hawana kadi ya PhysX. Je, unaweza kutengeneza daraja ambalo mchezaji lazima alibomoe kwa fizikia ya kadi ndipo apite? Huwezi. Asiye na kadi atakwama na gemu yako haitauzwa. Na kwenye mchezo wa watu wengi mtandaoni ni vigumu zaidi, maana kila mchezaji lazima aone ukuta uleule umesimama au umeanguka. Kwa hiyo unachoweza kufanya ni kuitumia kadi kwa mapambo: vumbi zaidi, moshi zaidi, kitambaa kinachopepea. Kitu ambacho kikiondolewa mchezo unabaki uleule.

Na mnunuzi naye anaangalia anasema: dola 300 kwa ajili ya vumbi? Hapana, nasubiri gemu za maana.

Mtengenezaji anasubiri wanunuzi, mnunuzi anasubiri gemu. Kuku na yai. Ageia walijaribu kuuvunja mzunguko huo. Programu yao waliwapa watengenezaji kwa masharti nafuu, Sony wakaichukua kwa ajili ya PlayStation 3, na Epic wakaiingiza kwenye Unreal Engine 3. Kwa Unreal Tournament 3, iliyotoka Novemba 2007, yalitengenezwa maeneo maalumu ya kuchezea yenye upepo wa kimbunga kwa wenye kadi. Lakini ona ajabu: kadiri programu ilivyoenea na kufanya kazi vizuri kwenye prosesa ya kawaida, ndivyo sababu ya kununua kadi ilivyopungua.

Wakubwa wakaimeza

Septemba 2007 Intel waliinunua Havok. Februari 2008 Nvidia wakatangaza kuinunua Ageia. Kumbuka, Nvidia ndio walewale waliochukua mali za 3dfx. Hawakuitaka kadi. Walitaka programu. Agosti 2008 wakatoa draiva iliyofanya PhysX iendeshwe na kadi za picha za GeForce 8 na zilizofuata. Maana yake, mtu aliyekuwa amenunua kadi ya picha tu kwa matumizi yake ya kawaida aliamka asubuhi akapewa PhysX bure. Na yule wa dola 300? Alibaki na kadi ambayo baadaye haikutengenezewa draiva mpya.

Basi kifaa cha pembeni kikamezwa, kama ile chipu ya hesabu ya 1980.

Hata waliopewa bure hawakuwa salama kabisa. Mwaka 2009 Nvidia walizuia PhysX ya kadi zao isifanye kazi kama kadi inayochora ni ya kampuni nyingine. Na kadi za RTX 50 zilipotoka mapema 2025, hazikuwa na msaada wa programu za CUDA za biti 32, kwa hiyo gemu za zamani zilizotumia PhysX kwa njia hiyo zikashindwa kuitumia kwenye kadi mpya na ya bei kali. Ukitegemea mlango wa mtu mmoja, siku akifunga umelala nje.

Lakini kuna kilichobaki

Msifikiri kila kitu kilipotea. Programu ya PhysX ilibaki hai. Unity, mtambo unaotumika kutengeneza gemu nyingi za simu, unaitumia kwa fizikia ya 3D. Inawezekana kabisa kwamba gemu uliyocheza jana kwenye simu yako, ile ya magari kugongana, inapigiwa hesabu na mjukuu wa PhysX, kwenye prosesa ya kawaida ya simu. Desemba 2018 Nvidia waliifungua programu hiyo kwa leseni huria, yaani yeyote anaweza kuichukua na kuisoma. Ipo pia Bullet, programu nyingine huria, ambayo ndiyo inaendesha vitu vinavyogongana na kuanguka ndani ya Blender. Na Blender ni bure.

Kwa hiyo kati ya vile viwili alivyouza Ageia, chuma kilikufa, maarifa yakabaki. Kijana ambaye mwaka 2006 hakununua kadi ila alijifunza kutumia ile programu, ujuzi wake una thamani hadi leo.

Turudi kwenye mfuko wetu

Sisi hatuna dola 300 za likizo. Tuna michango ya watu waliouza sabuni, waliosuka nywele, waliobeba maji. Ndiyo maana nasema historia hii inatuhusu. Siku hizi zinauzwa kompyuta zenye chipu maalumu ya akili bandia. Mwaka 2024 Microsoft waliweka hata jina la kundi hilo, Copilot+ PC, na sharti la nguvu ya chipu hiyo. Inawezekana chipu hizo zikawa kama Voodoo. Inawezekana zikawa kama PhysX. Mimi siwezi kuwaapia. Lakini kabla hatujatoa shilingi, tujiulize kama yule kijana wa 2006:

1. Kazi tunayofanya sasa hivi, kama kuandika CV, kuhariri video, kujifunza kodi, inaitumia hiyo chipu leo? Leo, sio "inakuja".

2. Pesa ya ziada tunayoilipia ingeweza kununua nini kingine? Memori zaidi? Betri ya sola ya kutufikisha saa nne usiku? Kompyuta ya pili ya mtumba ili watu wawili wajifunze kwa wakati mmoja?

3. Chipu isipotumika, mashine itabaki nzuri kwa mambo mengine? Kadi ya picha ilibaki na kazi hata bila PhysX. Kadi ya fizikia bila gemu zake ilikuwa kipande cha plastiki.

4. Kampuni ikinunuliwa au ikibadili mawazo, nani atatutengenezea draiva? Huku hatuna duka la kurudishia.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, hili lisomeni kwa upendo. Kifaa cha msaada kinachohitaji programu ya kampuni moja, leseni ya kila mwaka au intaneti ya nguvu, mradi ukiisha nacho kinakwisha. Kompyuta ya kawaida, ambayo fundi wetu anaifungua kwa bisibisi na kuipatia kipuri sokoni, inaendelea kuishi. Mkituuliza kabla ya kununua, tutawaambia ipi ni ipi.

Msimamo wangu ni huu, na atakayepinga apinge kwa hoja: tununue mashine mbili za kawaida zilizotumika, zenye memori ya kutosha, tuweke Blender na programu nyingine huria, na kinachobaki kiende kwenye umeme. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo chipu ya kesho, kama kweli ni ya kesho, itatukuta ndani ya kompyuta za mtumba miaka mitano ijayo, kwa bei yetu, ikiwa na kazi ya kufanya.

Kura ni Jumamosi. Kila mmoja aje na jibu lake la swali namba mbili, kwa tarakimu.